Baka la Utotoni na Saratani ya Ngozi: Wapi pa Kutazama

Mama amwogeshaye mtoto mchanga huifahamu ngozi ya mwanawe kuliko mtu mwingine yeyote. Hujua mahali penye alama ya kuzaliwa, hukumbuka ni lini kidoa kipya kilijitokeza begani, na aghalabu huwa na maelezo yake: kwamba alama hiyo ni ya ukoo, au kwamba ni dalili ya bahati. Siku hizi husikika pia maelezo mengine yenye kutisha zaidi. Husemwa kwamba kila baka jeusi mwilini ni mbegu ya saratani, yaani kansa, na kwamba mtoto mwenye mabaka hayo apelekwe upesi yakakatwe.

Maelezo hayo hayakuzuka bure. Sayansi imethibitisha kwamba uko uhusiano kati ya mabaka ya utotoni na saratani ya ngozi ya utu uzima. Lakini sehemu kubwa ya ujuzi huo ilipatikana kwa kuwachunguza watu weupe wa Australia, Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Ukihamishwa jinsi ulivyo hadi katika vijiji vya Kishanda, upande wa Bukoba na Muleba mkoani Kagera, ujuzi huo humfanya mzazi atazame mahali pasipo na hatari na kupapita mahali penye hatari. Makala haya yanakusudia kueleza baka ni nini, ni lini hugeuka kuwa ugonjwa, na kwa nini watoto wawili wa kijiji kimoja, mmoja mwenye rangi na mwingine aliyezaliwa na ualbino, huhitaji ulinzi wa namna mbili tofauti.

BAKA NI NINI?

Rangi ya ngozi ya binadamu hutokana na kitu kiitwacho melanini. Kitu hiki hutengenezwa na seli maalumu, ziitwazo melanositi, zilizo katika tabaka la chini la ngozi ya juu. Seli hizo hazizaliwi hapo. Mimba ingali changa, hutoka sehemu ya mgongo inakoanzia mishipa ya fahamu, zikasafiri hadi kila pembe ya mwili na kutulia humo. Jambo ambalo huwashangaza wengi ni kwamba idadi ya melanositi kwa mtu mweusi na kwa mtu mweupe karibu ni moja. Tofauti yao ni kazi inayofanywa. Kwa mtu mweusi seli hizo hutengeneza punje kubwa na nyingi za melanini, zikazigawia seli jirani. Ndani ya kila seli punje hizo hujipanga juu ya kiini mfano wa mwavuli, na hivyo kukinga jeni zilizomo dhidi ya mionzi ya jua iitwayo urujuanimno.

Kwa kawaida melanositi hukaa mojamoja, kila moja imezungukwa na seli za aina nyingine. Mara nyingine, hata hivyo, seli moja huanza kujigawa, zikawa mbili, nne, nane, hata zikafanya kundi dogo linaloonekana kwa macho kama kidoa cheusi au cha rangi ya kahawa. Hilo ndilo baka. Mengine huwapo tangu kuzaliwa, lakini mengi hujitokeza baadaye, kuanzia miaka ya kwanza ya utoto hadi ujana, kisha huanza kufifia mtu anapozeeka.

Kisa cha kundi hilo kuanza kukua, na kisha kuacha, kilifahamika vizuri zaidi mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2002 watafiti waligundua nchini Uingereza kwamba melanoma nyingi, yaani saratani zitokanazo na melanositi, zina kasoro katika jeni iitwayo BRAF, ambayo ni miongoni mwa jeni zinazoamuru seli ijigawe. Mwaka uliofuata ilionekana kwamba kasoro hiyo hiyo imo pia katika mabaka mengi ya kawaida yasiyo na ugonjwa wowote. Maana yake ni kwamba baka limekwisha kupiga hatua ya kwanza ya njia iendayo kwenye saratani, lakini likasimama. Seli zake zilipokea amri ya kuongezeka, zikaongezeka kidogo, kisha breki za mwili zikazizuia, zikalala usingizi wa maisha.

Kwa hiyo baka si saratani, na kwa sehemu kubwa kabisa halitakuwa saratani kamwe. Ili seli zilizolala ziamke, hapana budi breki nyingine nazo ziharibike, na jambo hilo ni la nadra. Isitoshe, kwa kila melanoma kumi za watu waliochunguzwa, takriban saba huanza juu ya ngozi tupu isiyokuwa na baka lolote hapo awali. Ndiyo sababu kuyakata mabaka yote ya mtoto hakumkingi na ugonjwa, bali humwachia makovu tu.

Yapo mabaka ya aina moja yanayohitaji jicho la daktari tangu mwanzo. Takriban mtoto mmoja kwa kila mia huzaliwa na baka, na kwa wengi wao ni dogo lisilo na madhara. Lakini mara chache sana, kwa makadirio mtoto mmoja katika elfu ishirini, baka la kuzaliwa huwa kubwa mno: hufunika mgongo, kiuno au sehemu ya kichwa, na pengine huota nywele. Mabaka makubwa namna hiyo yana hatari ya saratani iliyo wazi zaidi, na hatari hiyo huweza kutokea mapema, hata katika utoto wenyewe. Mtoto wa namna hiyo apaswa kuwa chini ya uangalizi wa daktari wa ngozi.

SOMO LA AUSTRALIA

Uhusiano wa mabaka na saratani ulijulikana hasa kutokana na kisa cha nchi moja. Australia ilijazwa na wahamiaji weupe kutoka visiwa vya Uingereza vyenye jua hafifu, nao wakakaa chini ya jua kali. Leo nchi hiyo ni miongoni mwa zile zinazoongoza duniani kwa melanoma. Mwaka 1984 watafiti wa Australia ya Magharibi walichapisha matokeo ya kuwalinganisha wahamiaji kwa umri waliofika nao. Walioingia nchini kabla ya kutimiza miaka 10 walikuwa na hatari sawa na ya wenyeji waliozaliwa humo. Walioingia baada ya miaka 15 walikuwa na takriban robo tu ya hatari hiyo. Jua lilikuwa lile lile, na ngozi ilikuwa ile ile. Kilichotofautiana ni umri ambao ngozi hiyo ilikutana na jua hilo.

Katika jimbo la Queensland, lililo katika ukanda wa joto, watoto weupe wa mji wa Townsville walihesabiwa mabaka, ikaonekana kwamba walikuwa nayo mengi kupita watoto waliowahi kuhesabiwa mahali pengine. Nchini Kanada, katika mji wa Vancouver, watoto wa shule waligawanywa makundi mawili: wengine wakapewa mafuta ya kukinga jua, wengine wakaachwa na desturi zao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba, baada ya miaka mitatu, waliopaka mafuta walikuwa wameota mabaka mapya machache zaidi kuliko wenzao. Uchunguzi mwingine mwingi ulipokusanywa na kupimwa kwa pamoja, ilionekana kwamba mtu mwenye mabaka zaidi ya 100 ana hatari ya melanoma inayokaribia mara saba ya ile ya mtu mwenye mabaka yasiyozidi 15.

Ndipo likapatikana fundisho linalojulikana sasa: kwa watu weupe, jua la utotoni huzaa mabaka, na wingi wa mabaka ni kipimo cha jua lililokwisha kuingia mwilini pamoja na urithi wa mtu huyo. Baka ni shahidi wa hatari zaidi kuliko kuwa ndilo hatari yenyewe.

KAMPALA YATOA JIBU JINGINE

Je, fundisho hilo lina nguvu gani kwa mtoto mweusi wa Kagera? Jibu la kwanza la kisayansi lilitolewa si mbali na Bukoba, bali ng'ambo ya mpaka, mjini Kampala. Katika miaka ya 1960 M. G. Lewis, aliyekuwa mtaalamu wa patholojia huko, alichunguza melanoma kwa Waafrika wa Uganda. Katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1967 alishughulikia uhusiano kati ya mabaka ya rangi nyayoni na melanoma ya mahali hapo, na mwaka uliofuata yeye na mwenzake wakaeleza idadi ya mabaka na mahali yanapopatikana katika miili ya Waganda na majirani zao.

Picha iliyojitokeza Uganda, na ambayo imeonekana tena na tena kwa watu weusi wa nchi nyingine, ni tofauti sana na ile ya Australia. Kwanza, melanoma kwa watu weusi ni ugonjwa wa nadra. Pili, mabaka yao ni machache, lakini sehemu kubwa zaidi ya hayo machache huwa katika viganja na nyayo. Tatu, na hili ndilo kubwa, melanoma yenyewe hupatikana zaidi katika unyayo wa mguu, na kwa wengine katika kiganja au chini ya ukucha. Yaani hutokea mahali ambapo jua halifiki, na ambapo ngozi ya mtu mweusi ina rangi hafifu kuliko sehemu nyingine.

Jina la mgonjwa mmoja wa aina hii linajulikana ulimwenguni kote. Bob Marley, mwanamuziki wa Jamaika, aligunduliwa mwaka 1977 kuwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Hapo awali ilidhaniwa kuwa ni jeraha la mpira wa miguu lililokataa kupona. Alifariki tarehe 11 Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36.

Uchunguzi wa jeni uliofanywa tangu mwaka 2005 umethibitisha kwamba melanoma ya unyayo si ile ya mgongoni iliyohama tu. Haina alama nyingi za uharibifu wa mionzi ya jua, na kasoro ya BRAF huonekana ndani yake mara chache zaidi. Sababu yake kamili ingali ikitafutwa. Mwaka 2016 madaktari wa Japani walionyesha kwamba uvimbe huo hupatikana zaidi katika sehemu za unyayo zinazobeba uzito wa mwili, kama vile kisigino na sehemu ya mbele inayokanyaga. Hivyo msukumo na mkwaruzo huenda una sehemu yake. Hilo halimaanishi kwamba kutembea peku au kukanyaga ndizi za rubisi huleta saratani. Wanaotembea peku ni mamilioni, na wanaougua ni wachache. Maana yake ni kwamba mguu wa mkulima, ambao hutazamwa mara chache kuliko viungo vingine vyote, ndio unaostahili kutazamwa.

KUUSOMA UNYAYO

Kuutazama mguu wa mtoto katika Kagera kunahitaji ujuzi kidogo, kwa kuwa si kila doa jeusi lililoko hapo ni baka. La kwanza kufikiriwa ni funza. Funza jike akiingia katika ngozi hufanya uvimbe mdogo mweupe wenye nukta nyeusi katikati. Huwasha, huuma, hukua kwa siku chache, na baada ya wiki kadhaa mdudu hufa na kutoka. Damu iliyovilia chini ya ngozi baada ya kujikwaa nayo huonekana nyeusi, lakini husogea mbele na kuisha kadiri ngozi au ukucha unavyokua. Baka la kweli haliumi, haliwashi, wala haliondoki. Doa lililodumu miezi mingi bila kubadilika, lenye rangi moja na ukingo ulio wazi, kwa kawaida ni baka lisilo na neno.

Kwa mtu mzima lipo jambo jingine la kukumbukwa. Mkoa wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walikotambuliwa mwaka 1983, na tangu hapo madaktari wengi wa eneo hilo wamezoea kuona uvimbe wa rangi ya zambarau au mweusi miguuni uitwao sarkoma ya Kaposi. Ugonjwa huo, ambao ulijulikana Afrika ya Mashariki hata kabla ya UKIMWI, hutokana na virusi vilivyogunduliwa mwaka 1994, na tiba yake ni tofauti na ya melanoma. Macho peke yake hayawezi kuyatenganisha magonjwa haya kila mara. Kinachoamua ni kipande kidogo cha nyama kilichokatwa kutoka kwenye uvimbe na kutazamwa kwa hadubini.

Wataalamu wa Japani wameongeza kipimo chepesi kisichohitaji kisu. Ngozi ya unyayo, kama ile ya ncha za vidole, imepangwa kwa matuta na mifereji mfano wa shamba lililolimwa. Daktari akiitazama kwa kioo maalumu cha kukuzia chenye taa, rangi ya baka la kawaida huonekana imelala ndani ya mifereji. Rangi ya melanoma changa huonekana imepanda juu ya matuta. Kioo hicho hushikwa mkononi na huweza kutumiwa katika hospitali yoyote yenye mtu aliyefundishwa kukitumia.

Mzazi asiye na kioo ana dalili zake za kuongozwa nazo. Mwaka 1985 madaktari wa New York walitoa mambo manne ya kukumbuka: umbo lisilolingana pande mbili, ukingo uliochakaa, rangi zaidi ya moja, na upana unaozidi milimita 6. Baadaye likaongezwa la tano, nalo ndilo muhimu kuliko yote: mabadiliko. Doa la unyayoni linalopanuka mwezi hata mwezi, linalovunja ngozi, kutoa damu, au kuwa kidonda kisichopona, linapaswa kuonwa na daktari. Si kila melanoma ni nyeusi: nyingine huwa nyekundu au za rangi ya nyama, zikadhaniwa kuwa sugu au kidonda cha mwiba.

Kuhusu kucha, mistari myeusi inayokwenda kutoka shina la ukucha hadi ncha ni kawaida kwa watu weusi, na huongezeka kwa umri. Mistari katika kucha kadhaa si ya kutia hofu. Mstari mmoja katika ukucha mmoja, hasa wa kidole gumba, unaozidi kupanuka au ambao weusi wake umevuka ukucha na kuingia katika ngozi iliyo kando, ndio wa kupelekwa hospitali.

Yafaa ikumbukwe kwamba melanoma kwa mtoto kabla ya kubalehe ni nadra sana, na kwamba wengi wanaougua ile ya unyayo ni watu wazima, hasa wazee. Basi kuna faida gani kuutazama mguu wa mtoto? Faida yake ni kumbukumbu. Mtu wa miaka 60 akionyesha doa kisiginoni, swali la kwanza la daktari ni: limekuwapo tangu lini? Anayeweza kujibu kwamba mama yake alimwonyesha doa hilo angali mtoto, na kwamba tangu hapo halikubadilika, amekwisha kujibu nusu ya swali. Anayejua kwamba miguu yake haikuwa na doa lolote naye ana habari ya thamani. Maneno machache yaliyoandikwa katika daftari la kliniki la mtoto, kwamba ana baka dogo katika unyayo wa kushoto, huweza kuwa na kazi miaka hamsini baadaye.

MTOTO ASIYE NA MWAVULI

Yote yaliyokwisha kusemwa yanamhusu mtoto ambaye melanini yake inafanya kazi. Katika kijiji hicho hicho huweza kuzaliwa mtoto ambaye kwake mambo yamepinduka. Ualbino hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao wenyewe huwa na rangi ya kawaida na hawana dalili yoyote. Kila mimba yao ina nafasi moja katika nne ya kumpata mtoto mwenye ualbino. Mwaka 1995 R. A. Spritz na wenzake walionyesha kwamba kwa Watanzania wengi wenye hali hiyo kipande kimoja cha jeni, sasa ikiitwa OCA2, kimekatika. Melanositi zao zipo, tena kwa idadi kamili, lakini hazitengenezi melanini ya kutosha. Mwavuli haukufunguliwa.

Kwa mtoto huyu jua ndilo swali lote. Kishanda iko takriban digrii moja na nusu kusini ya ikweta, zaidi ya meta elfu moja juu ya usawa wa bahari. Mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban sehemu 10 katika mia kwa kila meta elfu za kupanda. Shirika la Afya Duniani hupima mionzi hiyo kwa nambari, na hushauri kinga kuanzia nambari 3; katika maeneo ya ikweta nambari hiyo wakati wa adhuhuri mara nyingi huzidi 10. Mawingu ya Bukoba hudanganya. Hupunguza joto na mwanga, lakini sehemu kubwa ya mionzi hupenya, na mtoto huungua siku ambayo hakuna aliyelalamika juu ya jua. Kivuli cha migomba katika kibanja humsaidia. Lakini akitumwa kukata majani katika rweya, mahali pasipo na mti, husimama chini ya jua lote.

Mwaka 1985 Luande na wenzake walieleza hali ya watu wenye ualbino waliosajiliwa katika kituo cha uvimbe Dar es Salaam, ambao walikuwa 350. Madhara ya jua yalionekana katika ngozi mapema sana utotoni, na saratani zilizokomaa ziliwapata wengi wangali vijana wa miaka ya 20 na 30. Saratani hizo kwa kawaida si melanoma. Ni za seli bapa za tabaka la juu la ngozi, na huanzia usoni, masikioni, shingoni na midomoni. Njia yake ni ndefu na huonekana: ngozi huungua mara kwa mara, huwa nene, hutoa magamba makavu yenye kukwaruza, kisha hufanya kidonda kisichofunga. Katika hatua ya magamba daktari huweza kuimaliza hatari kwa dakika chache, kwa kuyagandisha kwa naitrojeni ya kimiminika. Katika hatua ya kidonda kikubwa hubaki upasuaji na mionzi, na mara nyingi muda umekwisha kupita.

Hata maana ya vidoa hugeuka. Baadhi ya watu wenye ualbino huota madoa ya rangi ya kahawa sehemu zinazopigwa na jua, na wazazi huyaogopa. Uchunguzi uliochapishwa Afrika Kusini mwaka 1989 ulionyesha kwamba wenye madoa hayo walipata saratani ya ngozi kwa kiasi kidogo kuliko wasiokuwa nayo. Madoa hayo ni ishara kwamba uwezo mdogo wa kutengeneza rangi bado upo. Asiyeota doa hata moja ndiye wa kulindwa zaidi.

Ukatili wa binadamu dhidi ya watoto hawa unafahamika. Mwezi Mei 2024 mtoto mdogo mwenye ualbino alitekwa nyumbani kwao wilayani Muleba na kuuawa, na taifa zima likashtuka. Hofu ya namna hiyo huwafanya wazazi wamfungie mtoto ndani, asionekane shuleni wala kliniki. Lakini mtoto aliyefichwa na watu hajafichwa na jua, na saratani inayomkuta bila kuonwa na daktari humwua bila kutangazwa gazetini. Usalama wake una pande mbili, na jamii inayomlinda dhidi ya mmoja haina budi kumlinda dhidi ya wa pili.

YAFAAYO KUTENDWA

Kwa mtoto mwenye ualbino kinga huanza mwaka wa kwanza wa maisha, si siku kidonda kinapotokea. Kofia yake iwe na ukingo mpana pande zote, kwa kuwa kapelo huacha masikio na shingo wazi. Shati liwe la mikono mirefu, na suruali au sketi ifike kwenye vifundo vya miguu, hata kama sare ya shule ni kaptura. Kazi za nje, michezo na mistari ya wanafunzi zifanywe asubuhi au jioni, na katikati ya mchana akae kivulini. Darasani, kwa kuwa macho yake nayo ni dhaifu, akae karibu na ubao na mbali na dirisha lenye jua. Mafuta ya kukinga jua huja baada ya nguo, si badala yake. Mjini Moshi, katika Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 kwenye hospitali ya KCMC, yalianzishwa mafuta yaitwayo Kilisun, yaliyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ngozi yake yote ichunguzwe na mtaalamu angalau mara mbili kwa mwaka.

Kwa mtoto mwenye rangi, mafuta hayo si ya lazima kwa kuzuia saratani, na fedha ya mzazi ina kazi nyingine. Kwake yatosha kuoshwa na kutazamwa miguu, kuondolewa funza kwa usafi, kuvaa viatu inapowezekana, na kuachiwa mabaka yake kwa amani. Mzazi asilichome baka, asilikate kwa wembe, wala asilipake dawa kali, kwa sababu kovu huficha kinachoendelea chini yake.

Watu wazima nao wana wajibu kwa miguu yao wenyewe. Mwaka 1970 daktari Alexander Breslow alionyesha kwamba kinachoamua zaidi maisha ya mgonjwa wa melanoma ni unene wa uvimbe, ukipimwa kwa milimita. Usiozidi milimita moja, ukikatwa, karibu wagonjwa wote hupona. Uliopita milimita nne mara nyingi umekwisha kusafiri hadi kwenye tezi za kinena na mapafu. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni unene wa punje chache za mchele, na kwa mkulima tofauti hiyo hupimwa kwa miezi aliyokaa nyumbani akidhani ni mwiba. Doa linalobadilika lionyeshwe katika hospitali ya rufaa ya mkoa Bukoba, au Ndolage, Rubya na Kagondo wilayani Muleba, na mgonjwa aulize kama kipande kitapelekwa kuchunguzwa. Panapohitajika rufaa, zipo Bugando mjini Mwanza na KCMC.

Kwa hiyo swali la mzazi lisiwe mtoto ana mabaka mangapi. Kwa mtoto mwenye rangi aulize: kuna nini katika nyayo zake, na je, kimebadilika? Kwa mtoto mwenye ualbino aulize: leo amevaa nini kichwani? La kwanza hujibiwa kwa kumbukumbu itakayotumika uzeeni. La pili hujibiwa kila asubuhi, kabla mtoto hajavuka mlango.